Rangi ya Udongo Si Jina Lake: Namna ya Kuutambua Udongo wa Majivu ya Volkano

(Mazungumzo kwa wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Chama cha msingi kinapokusanya maombi ya mbolea ya msimu, katibu huandika majina ya wanachama, idadi ya ekari na idadi ya mifuko. Ni nadra kuiona katika orodha hiyo safu ya aina ya udongo wa shamba. Hata safu hiyo ikiwapo, hujazwa kwa rangi tu: mweusi au mwekundu. Kisha mbolea ya aina moja huagizwa kwa wote, na deni huandikwa kwa kila mmoja. Msimu ukiisha, huyu huvuna na kulipa, na yule hubaki na deni ingawa alilima na kupalilia kama mwenzake. Hapo lawama huanza. Mwanachama husemwa kuwa mvivu, mbolea husemwa kuwa mbovu, na viongozi hutiliwa shaka. Lakini mara nyingine kosa si la mtu wala la mfuko. Mbolea ilipelekwa katika udongo ambao tabia yake haikuchunguzwa.

Mazungumzo haya yanahusu aina moja ya udongo ulio muhimu sana katika Nyanda za Juu Kusini, yaani udongo mweusi wa majivu ya volkano. Yataeleza jinsi wapimaji wanavyouchunguza, kwa vipimo gani unapewa jina, unavyotofautiana na udongo mwingine wa Mbeya na Iringa, na faida anayoipata mkulima kwa kulijua jina hilo.

ASILI YAKE

Kati ya mji wa Mbeya na Ziwa Nyasa imesimama milima mitatu iliyojengwa na moto wa chini ya ardhi: Ngozi, Rungwe na Kyejo. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu meta 2,960, ulilipuka kwa nguvu takriban miaka 4,000 iliyopita, ukatawanya majivu na mawe mepesi yenye matundu juu ya eneo kubwa. Kyejo nao ulitoa lava karibu na mwaka 1800. Kwa hesabu ya miaka ya ardhi, hayo ni mambo ya jana. Ndiyo sababu udongo wa Rungwe na Uporoto, unaolisha migomba, chai, viazi mviringo na pareto, ni mchanga wa umri ukilinganishwa na udongo wa sehemu nyingi za Tanzania.

Majivu ya volkano yamejaa chembe za kioo. Kioo hicho huoza upesi kuliko mawe ya kawaida, hasa penye mvua nyingi. Kinapooza hakitoi mara moja mfinyanzi wa kawaida, bali hutoa madini laini yasiyo na umbo maalumu, yaitwayo alofani, pamoja na alumini na chuma vilivyo tayari kushikamana na vitu vingine. Alumini hiyo hushikamana na mboji na kuizuia isioze upesi. Mboji ikilimbikizwa miaka na miaka, udongo huwa mweusi. Wataalamu huuita Andosoli, jina lililotokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya udongo mweusi, kwa kuwa nchi ya Japani nayo ina milima mingi ya moto.

SHIMO NA MNYORORO

Upimaji wa udongo hauanzii maabara. Huanza kwa kuchimba shimo la kina cha meta moja na nusu hadi mbili, lenye upande mmoja ulionyooka na kupata mwanga. Mpimaji husimama mbele ya upande huo akaugawa katika tabaka. Kwa kila tabaka huandika kina chake, rangi yake kwa kulinganisha na kitabu cha rangi cha Munsell, namna chembe zinavyoshikana, wingi wa mizizi, na jinsi udongo unavyojisikia mkononi. Hapo Andosoli huanza kujitambulisha. Ukiloweshwa na kusuguliwa kati ya vidole, huteleza kama mafuta wala haunati kama mfinyanzi. Ukifinywa kwa nguvu, hulegea ghafula na kutoa maji. Ukikauka, huwa mwepesi kama unga.

Shimo moja halitoshi. Hapa yafaa kumkumbuka Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri katika sehemu mbalimbali za Tanganyika akichunguza udongo, na katika mwaka 1936 ilichapishwa ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki aliyoisimamia. Milne aliona kwamba kutoka kileleni hadi bondeni aina za udongo hufuatana kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima. Mfuatano huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na leo linatumika na wapimaji wa udongo ulimwenguni kote. Kwa hiyo mashimo hupangwa kwa mstari: kileleni, mteremkoni, chini ya mteremko, na bondeni. Kijiji kimoja chaweza kuwa na pingu tatu au nne za mnyororo huo, na kila pingu ikahitaji malezi yake.

Ramani za dunia haziwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya kijiji. Katika ramani ya udongo ya dunia iliyotolewa na FAO na Unesco kwa kipimo cha 1:5,000,000, milimita moja juu ya karatasi ni kilometa tano ardhini. Chama kizima cha msingi chaweza kufunikwa na ncha ya penseli.

VIPIMO VINAVYOTOA JINA

Baada ya shimo, sampuli za kila tabaka hupelekwa maabara. Katika mfumo wa kimataifa wa kupanga udongo unaotumika sasa, tabaka la majivu lililokwisha kuoza vya kutosha hutambuliwa kwa vipimo vitatu.

Cha kwanza ni uzito kwa ujazo. Bomba la chuma lenye ujazo wa sentimeta 100 huingizwa taratibu katika udongo, kisha udongo uliomo hukaushwa na kupimwa. Ukiwa na gramu 90 au pungufu, yaani gramu 0.9 kwa kila sentimeta moja ya ujazo, sharti la kwanza limetimia. Udongo wa kawaida wa shamba huwa kati ya gramu 120 na 150 kwa bomba lile lile.

Cha pili ni alumini na chuma vinavyoyeyuka katika dawa ya oksaleti. Kiasi cha alumini kikijumlishwa na nusu ya kiasi cha chuma, jumla haina budi kufika asilimia 2 au zaidi.

Cha tatu ni nguvu ya kushika fosfeti. Udongo huchanganywa na maji yenye fosfeti iliyopimwa. Andosoli iliyokomaa huzuia asilimia 85 au zaidi ya fosfeti hiyo. Mjumbe anayekumbuka bei ya mfuko wa mbolea ataelewa uzito wa tarakimu hiyo.

Tabaka zenye sifa hizo zikifikia unene wa jumla wa sentimeta 30 au zaidi karibu na uso wa ardhi, udongo hupewa jina la Andosoli. Majivu yaliyo machanga zaidi, yenye kioo kingi kisichooza, hupimwa kwa masharti mepesi zaidi na kuwekwa katika tawi jingine la jamii hiyo hiyo.

MAJIRANI ZAKE

Sasa tofauti na uongozi wa rangi itaonekana. Mtu akishuka kutoka Uporoto hadi tambarare za Usangu, hukuta tena udongo mweusi. Lakini huo ni udongo wa mbuga, ambao wataalamu huuita Vatisoli. Una mfinyanzi mwingi, asilimia 30 au zaidi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na wakati wa masika huvimba na kunata jembeni. Hufaa mpunga kwa sababu hushika maji juu yake. Udongo wa Uporoto ni mwepesi na hupitisha maji. Wa mbuga ni mzito na huyazuia. Katika daftari la katibu vyote viwili ni "mweusi", na mkulima anayefuata ushauri wa mmoja katika shamba la mwingine hupata hasara.

Mtu akielekea Mufindi na Njombe (wilaya zilizokuwa pamoja katika Mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012), hukuta udongo mwekundu wenye kina kirefu. Huo umetokana na miamba ya kale sana, na mvua ya miaka isiyo na hesabu imeuosha na kuondoa chumvi nyingi za rutuba. Kilichobaki ni mfinyanzi usio na nguvu ya kushika chakula cha mimea, pamoja na kutu ya chuma inayoutia wekundu. Sehemu zake huingia katika jamii za Ferasoli na Akrisoli. Nao hushika fosfeti na huwa na tindikali, lakini hauna akiba ya madini iliyomo katika majivu, na mboji yake hupungua upesi ukilimwa mfululizo.

FAIDA YA KULIJUA JINA

Faida ya kwanza ni katika matumizi ya fosfeti. Katika Andosoli, mbolea hiyo ikitupwa shamba zima huguswa na udongo mwingi na kushikwa kabla mizizi haijafika. Ikiwekwa kidogo kidogo ndani ya shimo au mfereji, karibu na mbegu lakini isiiguse, sehemu kubwa zaidi hubaki kwa ajili ya mmea. Samadi au mboji ikichanganywa nayo husaidia kuizuia isikamatwe. Mfuko ni ule ule na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuuweka.

Faida ya pili ni kuhusu tindikali. Mbolea ya salfeti ya amonia, iliyotumika sana katika nyanda hizi, huongeza tindikali mwaka baada ya mwaka. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuiumiza mizizi ya mimea mingi. Mwenye mahindi au maharage katika udongo kama huo hana budi kufikiria chokaa na kubadili aina ya mbolea ya naitrojeni. Lakini mwenye chai asimwige, kwa kuwa chai hupenda udongo wenye tindikali, na chokaa humharibia.

Faida ya tatu ni kujua upungufu usioonekana kwa macho. Katika udongo wa majivu wa nyanda hizi uchunguzi umewahi kuonyesha upungufu wa shaba, ambao huidhuru ngano hasa. Mkulima aweza kuongeza mifuko ya naitrojeni bila mafanikio, kumbe kilichokosekana ni kiasi kidogo sana cha madini mengine.

Faida ya nne ni hifadhi. Wepesi wa Andosoli unaorahisisha kulima ndio unaoufanya upeperushwe ukikauka na kuporomoka mteremkoni ukilowa mno. Hivyo haufai kuachwa uchi baada ya viazi kuvunwa.

KAZI YA CHAMA

Ndugu Wajumbe, hakuna anayekitaka chama cha msingi kiwe maabara. Yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wake. Kwanza, daftari la maombi ya mbolea liongezwe safu ya mahali pa shamba katika mnyororo: kileleni, mteremkoni au bondeni. Pili, kamati imwombe bwana shamba aongoze uchimbaji wa mashimo machache kwa mstari mmoja, wanachama wakitoa nguvu zao. Tatu, sampuli za rutuba zichukuliwe kwa utaratibu: kutoka sehemu 15 hadi 20 za shamba lenye udongo wa aina moja, kina cha sentimeta 20, zichanganywe vizuri katika ndoo safi, na nusu kilo iwekwe katika mfuko wenye jina la shamba na tarehe. Pasichukuliwe udongo wa kichuguu, wa zizi wala wa njiani. Nne, sampuli hizo zipelekwe kwa wataalamu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania ina kituo Uyole, karibu na Mbeya, na kituo cha Mlingano, Tanga, chenye kazi maalumu ya udongo.

Yafaa kukumbuka pia kwamba jina la udongo na kipimo cha rutuba ni vitu viwili. Jina hueleza tabia ya kudumu, na huchunguzwa mara moja likafaa kwa miaka mingi. Rutuba hueleza akiba iliyopo leo, na hubadilika kwa mazao na mbolea. Kwa hiyo hupimwa tena baada ya miaka michache. Chama kinachojua moja bila jingine kimejua nusu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vimejifunza kuweka daftari la hisa, la mazao na la madeni. Udongo ni mali inayozitangulia hizo zote, na bado katika vyama vingi hauna hata ukurasa mmoja. Kamati itakayoufungua ukurasa huo kabla ya maombi ya msimu ujao itakuwa imempunguzia mwanachama deni lisilo la lazima, na itakuwa na jibu la haki siku atakapouliza kwa nini mfuko uliomfaa jirani haukumfaa yeye.