Kimya si Mgeni Tanganyika
Mhadhara wa umma juu ya kutulia katika Mungu, Kalemie



Habari za mhadhara huu zilipotangazwa, mwenzangu mmoja alinisimamisha ukumbini akaniambia: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tunasali kwa ngoma." Alikuwa anacheka, lakini kauli hiyo ina ukoo mrefu. Mwaka 1939 mshairi Msenegali Léopold Senghor alimgawia Mweusi hisia na Mgiriki akili, na wengi wetu tumeupokea mgawo huo kama zawadi. Ngoma, mkesha, na vipaza sauti vya vyumba vya maombi mpaka alfajiri tumejichukulia sisi; kimya tumewaachia watawa wa Ulaya. Kauli hiyo nataka kuivunja leo, hata nikiwachosha.

 Sina ugomvi na Misa ya Zaire iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Nimeicheza na nitaicheza tena.

Tazameni ramani kwanza. Antoni, anayeitwa baba wa wamonaki, aliyefariki mwaka 356, alikuwa mwana wa wakulima wa Misri. Yohane Kasiano alikwenda kujifunza kwa wamonaki wa huko kabla ya kuanzisha monasteri Marseille, na Benedikto akawaagiza watawa wake wamsome Kasiano. Katika somo hili Ulaya ilikuwa mwanafunzi. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kardinali Lavigerie, walipokabidhiwa kituo cha Mpala, kusini mwa hapa, mwaka 1885, walibeba kitu kilichotoka bara hili hili.

"Misri si nyanda zetu za Marungu," mtanijibu. Kweli. Na Mpala yenyewe haikuanza kwa utulivu: mwaka 1884 watu wa Émile Storms, aliyekijenga kituo hicho, walimwua chifu Lusinga, na fuvu lake likasafirishwa hadi Brussels. Lakini kuuliza nani aliubeba mzigo ni kitu kimoja, na kuuliza mzigo ni wa nani ni kitu kingine. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, hakuvichanganya. Akiwa bado mseminari, mwaka 1910, alianza kuchapisha kwa Kifaransa maandishi juu ya nafsi na fikra za watu wake; tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri huko Baudouinville, Moba ya leo, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi. Mtu anayekaa kuichunguza nafsi ya watu wake hakuwaachia wengine akili abaki na hisia.

Shahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni mama mmoja wa Thagaste, katika Algeria ya leo. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo, Augustino anasimulia jinsi alivyosimama na mama yake Monika dirishani, huko Ostia, mwaka 387. Chini yao kulikuwa na bustani. Wamechoka na safari, wanangoja meli ya kurudi Afrika. Wanazungumza wawili tu. Mazungumzo yanapanda: vitu vya dunia, jua na nyota, kisha nafsi zao wenyewe, kisha wanapita hapo. Kwa nukta moja wanaigusa Hekima ya Mungu, wanashusha pumzi, wanarudi kwenye kelele za vinywa vyao. Halafu mwandishi, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha Milano na kula mshahara kwa maneno, anatunga sentensi ndefu ajabu ambamo anavinyamazisha vitu kimoja kimoja: mwili, nchi, maji, hewa, mbingu, ndoto, mpaka nafsi inyamaze kwa nafsi yake. Nimeifundisha miaka mingi na bado sijui pumzi yake inaishia wapi.

Angalieni ilivyotokea. Hakuna pango, hakuna jangwa, hakuna mtawa. Ni mama na mwanawe wakiongea. Wanaosema Mwafrika hawezi kumwona Mungu ila akiwa na wenzake wamesema kweli nusu. Kosa lao ni kudhani kuwa pamoja lazima kuwe na kelele. Siku chache baadaye Monika alishikwa na homa. Alikuwa amejitayarishia kaburi Thagaste kando ya mumewe. Sasa akasema wamzike popote. Nalisema hili kwa uangalifu mjini humu, penye watu waliokimbia vijiji vyao mapigano ya Watwa na Waluba yalipowaka: haki yao ya kurudi kwao haifutwi na sala yoyote. Monika hakudharau nchi yake. Alipata mahali pa kupumzika ambapo hakuna wa kumfukuza.

Shangazi yangu, aliyeuza ndakala, yaani dagaa, sokoni, hakuwahi kumsikia Augustino. Rozari ikiisha alibaki mkekani, nami kando yake, chakula kikichelewa na mjomba akinung'unika. Jirani akiuliza tunafanya nini, alijibu: "Tunaikala," yaani tunakaa tu. Basi. Najua shangazi mmoja si hoja, na wenzangu wa sosiolojia watanidai utafiti. Waufanye. Mimi nashikilia kwamba kimya cha watu wawili ni chetu tangu zamani, na kwamba vipaza sauti ndivyo wageni.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, namba 30, unaagiza kimya kitakatifu kitunzwe kwa wakati wake. Agizo hilo halijafutwa. Wapiga vinanda wa parokia zetu, nawaomba: Jumapili ijayo, baada ya Komunyo, zimeni mashine. Nanyi wachungaji wa vyumba vya maombi, ambao hati hiyo haiwafungi, nawaomba vilevile, hata kama waumini watawauliza umeme umekatika.