Tarumbeta la Kibuyu: Mji na Shamba katika Kuunda Mila za Ruvuma



Ipo kauli iliyozoeleka mno kiasi kwamba hatuihoji tena: mila ziko shamba, na mjini ndiko zinakofia. Anayetafuta mila huambiwa apande gari aende kijijini kwa bibi yake. Anayelalamikia vijana kukosa adabu huunyooshea kidole mji. Katika kauli hiyo kijiji ni ghala lililofungwa vizuri, na mji ni panya aliyetoboa gunia. Nimekuja kuipinga kauli hiyo, na hoja yangu ni moja. Mila tunazoziita za asili katika mkoa huu wa Ruvuma zimeundwa na safari za watu kati ya mji na shamba. Mji ulikusanya wageni na kuzaa maumbo mapya. Shamba likatoa malighafi, walimu, na waamuzi wa kusema hili ni letu na hili silo. Ukiondoa upande mmoja, mila zenyewe hutaziona.

Tuanze na ushahidi unaosikika kwa masikio. Ukanda wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, unajulikana kwa ngoma ya mganda. Wanaume hujipanga safu kama askari, kaptula nyeupe zimepigwa pasi, filimbi ya kiongozi ikilia wanageuka pamoja. Mikononi wameshika vibuyu. Kibuyu hukatwa mdomo, kikatobolewa tundu dogo, na tundu hilo likazibwa kwa utando wa buibui; mchezaji akiimba ndani yake, utando unatetemeka na sauti inatoka ikikwaruza kama ya tarumbeta. Sauti hiyo ina ukoo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha kwamba beni ilizaliwa katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa zikiwamo, mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoanza kuiga bendi za kijeshi, magwaride yao na vyeo vyao. Vita ya 1914 hadi 1918 iliwasomba askari na wapagazi kutoka kila pembe, na waliporudi makwao walirudi na beni. Mganda ni mtoto wa safari hiyo. Kijijini hapakuwa na shaba wala fedha ya kuinunulia, lakini vibuyu vilikuwepo shambani, na buibui walikuwepo kila pembe ya nyumba. Gwaride lilitoka mjini, sauti ikatoka shamba. Leo mganda huchezwa jukwaani kama ngoma ya asili, na ndivyo ilivyo, kwa kuwa asili yake ni huko kukutana.

Mtetezi wa kijiji atasema mganda ni ngoma ngeni, na kwamba ukichimba zaidi utafika kwenye mila safi ambayo mji haukuigusa. Basi tuchimbe hapa hapa Ungoni, nchi ya Wangoni inayouzunguka mji wa Songea. Mababu wa watawala wa Kingoni walitoka kusini mwa Afrika. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake sehemu ya warithi wake wakaishia katika nchi hii, ambako ziliinuka dola mbili, Njelu na Mshope. Walikuja wakisema lugha ya jamii ya Kizulu. Sasa kisikilizeni Kingoni cha Songea: ni lugha ndugu ya zile walizozikuta hapa, na kutoka kusini yamebaki majina ya koo, vyeo kama nduna, na maneno machache ya heshima. Nani aliibadilisha lugha ile? Walioibadilisha ni akina mama wa makabila yaliyomezwa, waliowalea watoto wa mashujaa kwa lugha zao wenyewe, jikoni na shambani. Hayo yalitokea vijijini kabisa. Boma la Wajerumani, ambalo ndilo lililoanzisha mji huu, lilijengwa mwaka 1897, wakati kazi ya akina mama hao ilikwisha kwenda mbali. Kijiji, kwa hiyo, hakijawahi kuwa ghala. Kilikuwa kikipokea, kikiyeyusha na kufinyanga upya hata kabla mji haujawa jirani yake.

Mji nao umetunza zaidi ya unavyosifiwa. Songea ni mji wenye jina la mtu ambaye boma la Wajerumani lilimwua. Vita vya Majimaji viliwashwa vijijini mwaka 1905: maji ya dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe yalisafirishwa na wajumbe walioitwa hongo, kijiji kwa kijiji, hadi yakafika kwa machifu wa Kingoni. Lakini kisasi cha Wajerumani kilitekelezwa mjini. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa hapa kwa makumi na kufukiwa katika kaburi moja, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Leo Makumbusho ya Majimaji yako mahali hapo, na kila Februari 27 watu wa vijijini huja mjini kuwakumbuka machifu ambao ikulu zao zilikuwa vijijini. Wapo wanaosema hiyo ni shughuli ya serikali, ya hotuba na mahema. Hotuba na mahema yapo. Ila mnara peke yake haujui nasaba. Wanaojua nani alizaliwa na nani, na nani ana haki ya kutangulia kaburini, ni wazee wa koo. Mji umewapa mahali pa kukutania na tarehe ya kukutana, nao wanaupa mji maana ya jina lake.

Kati ya mji na kijiji palikuwa na mahali pa tatu ambapo historia zetu hupapita haraka: kambi ya mkonge. Songea haikufikiwa na reli, na kwa miongo mingi zao lake kuu la kuuza nje lilikuwa nguvu za vijana wake. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alichapisha mwaka 1955 utafiti mzima juu ya uhamaji wa Wangoni na Wandendeuli kwenda kutafuta kazi. Waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Katika mashamba ya Tanga na Morogoro walilala jirani na watu ambao babu zao waliwahi kupigana na mababu wa Wangoni. Hapo ndipo utani ulipopata kazi mpya. Utani wa Mngoni na Mhehe una mizizi katika vita vya karne ya 19. Ni deni la damu lililogeuzwa mzaha. Kambini na mitaani, mahali ambapo mtu angeweza kufa bila mjomba wala shangazi karibu, mtani alibeba wajibu wa ndugu: kusaidia kuosha maiti, kuchimba kaburi, kuchangisha, na kuwachekesha wafiwa kwa matusi yasiyokasirisha. Mila iliyozaliwa na mapigano ya mashambani ikawa bima ya maskini wa mjini. Mtu akisema mji unaua mila, na aeleze utani ulivyozidi kuhitajika huko.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linahusu lugha. Vijana wengi wa Songea hawasemi Kingoni, na nyimbo ambazo hakuna anayezielewa ni mwili usio na roho. Nakubali hasara hiyo ipo, na sitaipamba. Ninachokataa ni jina la mshitakiwa. Katika sensa ya 2012 Manispaa ya Songea ilikuwa na watu 203,309 kati ya 1,376,891 wa mkoa mzima, yaani kama mtu mmoja kati ya saba. Mmoja huyo hawezi kuwanyang'anya lugha sita waliobaki. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwishoni mwa miaka ya 1960, kiliingia kila kijiji kwa pamoja, na wazazi wa vijijini wakakipokea kwa hesabu ile ile ya wazazi wa mjini: wanataka mtoto afike mbali. Aliyeamua ni mzazi, popote alipoishi. Kwa hiyo dawa nayo iko kwenye kinywa cha mzazi, na kumrudisha mtoto kijijini wakati wa likizo hakutamfundisha lugha ambayo kijiji chenyewe kinaacha kuisema na watoto.

Pingamizi la mwisho ni la haki, nalo nalikubali kuliko yote. Wengine wanasema kukutana huko kwa mji na shamba hakukuwa kwa usawa: mji una redio, studio, jukwaa na mfuko, kijiji kina wimbo tu. Tazameni mifano miwili. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, shamba la Unguja, akahamia mjini mwaka 1911. Taarabu ya ikulu, iliyoimbwa Kiarabu, yeye aliiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Mtu wa shamba alibadili sanaa ya mji, lakini ilibidi kwanza aufuate mji. Na Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wanajua dansi za kigeni na hawazijui ngoma zao. Kati ya ngoma alizozitaja ilikuwemo lelemama, ngoma ya wanawake wa miji ya pwani. Mwalimu aliona sawasawa kwamba ngoma ya mjini ni ya taifa kama ya kijijini. Mamlaka ya kusema kipi kiitwe mila, hata hivyo, yamebaki kwa wenye kipaza sauti. Hilo ndilo la kurekebisha. Kikundi cha mganda kikialikwa jukwaani, kilipwe kama wanamuziki wengine wanavyolipwa. Wimbo ukirekodiwa, kijiji ulikotoka kiandikwe. Na mashindano ya shule yawe na waamuzi waliocheza ngoma hiyo wenyewe, siyo maofisa waliopangiwa viti vya mbele.

Kwa hiyo swali tulilozoea, lipi ni la asili na lipi limeletwa, tuliweke kando, kwa sababu tukilifuata hadi mwisho litatuondolea mganda, kisha Kingoni, kisha jina la mji huu. Mahali pake tuulize: nani anafundisha, na nani ana haki ya kumwambia mchezaji kwamba amekosea? Ngoma yenye mwalimu na mkosoaji ni hai, iwe Lituhi au Songea mjini. Ngoma isiyo na hao wawili imekwisha, hata ikichezwa chini ya mti wa mababu. Utando wa buibui kwenye kibuyu cha mganda ni dhaifu, na huchanika. Ukichanika, kibuyu kinabaki kibuyu cha kuchotea maji mpaka apatikane mtu anayejua kuubandika mwingine. Buibui hawachagui paa la nyasi wala la bati. Kinachotakiwa ni kijana wa kuonyeshwa utando upi unafaa, na mzee wa kumwonyesha.