Kununua Kiwanja na Kuishi Mombo: Haki ya Anayeuza, Anayenunua na Jirani



Nimeombwa niseme juu ya kununua nyumba na kuishi katika mji mdogo kama huu wetu wa Mombo. Huenda wengine wakauliza mambo ya viwanja yanaihusu vipi Tume ya Haki na Amani. Yanaihusu sana. Ugomvi unaowatenganisha ndugu waliobatizwa siku moja, hata wasipeane mkono wa amani kanisani, aghalabu si wa siasa. Ni wa mpaka, wa mwembe ulio kati ya viwanja viwili, wa kibanda alichokiacha marehemu baba.

Mombo haukuanza jana. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na kwa miaka michache hapa ndipo ulipokuwa mwisho wa safari, kabla njia haijaendelezwa kuelekea Moshi. Hapa ndipo barabara ya kupanda Soni na Lushoto inapoachana na barabara kuu. Pembeni yako mashamba ya mkonge na mabonde ya mpunga. Kwa hiyo watu wametujia toka pande zote: vibarua wa mkonge, watumishi wa reli, wafanyabiashara, Wasambaa walioshuka kwa sababu huko milimani mashamba ya ukoo yamegawanywa mpaka hayagawanyiki tena, na wastaafu wanaotafuta mahali pa kumalizia siku zao karibu na kituo cha basi. Joto letu wanalizoea, na mbu pia. Lakini mgeni hukutana na mwenyeji juu ya kipande kimoja cha ardhi, na hapo ndipo uaminifu wa kila mmoja unapopimwa.

Mnunuzi mwenye busara hatangulizi swali la bei. Huuliza kwanza ardhi hii ni ya nani na ni ya aina gani. Tunazo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati miliki huulizwa kwa Msajili wa Hati, naye ataeleza kama kina deni la benki. Lakini shamba la pembeni, liitwalo kiwanja kwa sababu tu mwenyewe amelikata hatua ishirini kwa ishirini, laweza kuwa bado ni ardhi ya kijiji. Kuihamisha bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, hata kama fedha zimehesabiwa mbele ya umati. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake hautoshi. Mwenyekiti ni shahidi mwema, lakini si mwenye ardhi.

Kadhalika wanaotamani fremu za biashara kando ya barabara kuu wapime kwanza. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Mwenye kuuziwa nyumba ndani ya mita hizo amenunua alama ya X ukutani. Reli nayo ina hifadhi yake, hata pale nyasi zilipoota.

Mkataba uandikwe. Kwa ardhi yenye hati, sheria haiutambui mkataba wa mauzo wa mdomo. Nabii Yeremia, katika sura ya 32, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, mji ukiwa umezingirwa na adui. Alitia saini, akaweka mashahidi, akapima fedha kwa mizani, kisha akaagiza hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu. Naye alikuwa akinunua kwa binamu yake! Sisi kwa ndugu husema, "Tunaaminiana, karatasi ya nini?"

Sasa niwageukie akina baba, maana hapa ndipo penye machozi mengi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mnunuzi asiridhike na kuambiwa, "Mama anajua." Amwone mama mwenyewe, amsikie, naye aweke saini au dole gumba. Nyumba ya marehemu vilevile: anayeiuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza hakumpi mtu mamlaka hayo.

Lipo pia jambo ambalo sheria hailigusi. Mtu ana mgonjwa hospitali, anauza kiwanja kwa nusu ya thamani, na sisi tunaharakisha kwenda na fedha kabla hajapata mkopo kwa nduguye. Mauzo hayo yana mashahidi na yana saini. Mimi sioni kuwa yana haki.

Ugomvi ukishazuka, msingoje. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, wala halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwetu liko Korogwe. Jumuiya inaweza kusaidia kabla ya nauli hiyo. Mnaponunua, andikeni nakala tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi, na ya tatu ikae kwa jirani anayepakana na kiwanja, baada ya yeye mwenyewe kutembezwa mpakani na kuonyeshwa kila kigingi.