Maji Yakijaa, Baba Aogelee

Juma hili sina siasa wala bei ya unga. Nina ungamo.

Likizo ya Desemba ya mwaka juzi niliwapeleka jamaa zangu Watamu. Siku ya tatu niliamka kabla ya mwadhini, nikachukua darubini, nikamwambia mama watoto, "Narudi sasa hivi." Nilirudi saa saba mchana, shingo imeungua, suruali imejaa tope. Nikamkuta kitindamimba wangu, msichana wa miaka saba, ameketi barazani na taulo mabegani.

"Baba, leo nimeogelea peke yangu. Mara tatu. Ulikuwa wapi?"

Mama watoto hakusema neno. Aliendelea kumenya embe. Waliooa watanielewa: afadhali angefoka.

Nilikuwa kwenye hori ya Mida, nikimtafuta ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Ndege huyu huzaliana katika pwani na visiwa vya jangwani, Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, wakati wa joto kali. Badala ya kujenga kiota, huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Kisha huja kwetu kwa mamia, kutoka kule kule yalikotoka majahazi ya kaskazi. Nami, baada ya kutembea asubuhi nzima, nilimwona kwa mbali mno, kama kipande cha karatasi.

Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenifumbua macho, tena kwa kunicheka. "Bwana, ndege hana saa ya mkononi. Saa yake ni maji."

Akanieleza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndizo siku za bamvua. Maji hujaa alfajiri na jioni, na katikati ya asubuhi hupwa hadi mwambani. Yakipwa, ndege hutawanyika kwenye tope mbali na macho ya mtu. Yakianza kurudi mchana, huwasukuma hadi karibu na mikoko, ukawaona umekaa kitako. Na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mimi nilikuwa nimeiba asubuhi ya watoto wangu bure!

Basi Desemba iliyopita nilipanga likizo kwa kalenda ya mwezi. Asubuhi, maji yakiwa yamepwa, tulikwenda sote mwambani kutazama samaki wa vidimbwini. Mchana, Mida. Darubini ni moja, kwa hiyo kila mtu zamu yake, na zamu ya baba ni ya mwisho. (Kuhusu kwenda usiku msitu wa Arabuko-Sokoke kumtafuta yule bundi mdogo, mazungumzo na mama watoto yanaendelea. Kwao bundi hafuatwi, hufukuzwa.)

Kitindamimba ndiye aliyeona kwanza. Ndege mmoja wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi wake, alikuwa akimfuata nyuma akililia kaa. Ndege hawa huendelea kulisha kinda wao hata baada ya safari yote ile.

"Mkubwa hivyo na bado analishwa?" akauliza, akimtazama kaka yake wa kidato cha pili.

Kabla ya jua kutua tulikuwa baharini, maji yamejaa. Alinipita kwa mbali.