Mahali pa Mwanga

Wazee wa kwetu Rungwe walikuwa na swali moja lililotosha kumnyamazisha kijana yeyote aliyejifanya mjanja: "Kwani wewe umefika Joni?" Joni ni Johannesburg. Baba yangu mkubwa alifika. Aliandikishwa na Wenela, shirika lililokuwa likikusanya vijana wa Tanganyika, Nyasaland na kwingineko kwenda kuchimba dhahabu, akarudi na sanduku la bati, koti zito, na kikohozi cha vumbi la mwamba ambacho hakikumwacha mpaka kaburini. Serikali yetu iliikomesha biashara hiyo baada ya Uhuru wa 1961. Na mimi sasa nimefika Joni, tena mara mbili, lakini juma hili sitawasimulia jiji zima. Nitawasimulia mtaa mmoja tu.

Mtaa huo unaitwa Maboneng. Ni neno la Kisotho, maana yake mahali pa mwanga. Uko mashariki ya katikati ya jiji, ukipakana na Jeppestown. Johannesburg haina bahari wala mto wa maana. Ilizaliwa kwa sababu dhahabu ilionekana pale mwaka 1886, na migodi ikahitaji karakana, karakana zikahitaji maghala, na wachimbaji, bila shaka, wakahitaji pombe. Majengo ya Maboneng ni ya ukoo huo: kuta za matofali, madirisha makubwa ya vyuma, milango ya kupitisha malori. Kuanzia miaka ya themanini wenye fedha walianza kuhamia kaskazini, Sandton, na mwaka 2000 hata soko la hisa likahamia huko. Nyuma yalibaki majumba. Na jumba lililoachwa katika jiji lenye watu wasio na pa kulala halikai tupu siku nyingi.

Mwaka 2009 mjenzi mmoja kijana, Jonathan Liebmann, alifungua pale mahali panapoitwa Arts on Main, katika maghala yaliyokuwa ya pombe. Msanii mashuhuri William Kentridge akawa na chumba chake cha kazi humo. Baada ya hapo ikawa jengo baada ya jengo: vyumba vya kupangisha, sinema ndogo, hoteli, makumbusho ya ubunifu wa Kiafrika.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 2014. Mpwa wangu, aliyekuwa akikaa Yeoville na kuuza mikanda na chaja za simu barabarani, alinipeleka siku ya Jumapili, siku ya soko. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Niliona Mzungu na Mwafrika wameketi benchi moja wanakula chakula cha Kihabeshi kwa mkono, katika jiji ambalo baba yangu mkubwa asingeruhusiwa kukanyaga barabara bila kitabu cha pasi. Vijana wamevaa suruali za babu zao na kofia za babu zao, wanapigana picha kwenye ukuta uliochorwa. Nilinunua kahawa kwa randi 25, nikainywa polepole kwa ajili ya bei yake. Mpwa wangu hakuagiza kitu. Alisema, "Mjomba, kwa fedha hiyo mimi ninakula leo na kesho."

Nje, kwenye Fox Street, mtu aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa alikuwa akielekeza magari pa kuegesha. Aliposikia Kiswahili chetu akageuka kama aliyeitwa jina. Ni mtu wa Bukavu. Nikamwuliza kazi ikoje. "Papa," akanijibu, "hapa tunachungaka motoka ya watu. Sisi yetu ni miguu tu." Akatuonyesha kwa kidole mpaka wa kazi yake, kona ya pili hivi. Ng'ambo ya kona ile, alisema, wenye magari hawaegeshi.

Basi sisi tukavuka kona ile, kwa kuwa hatukuwa na gari. Ndugu wasikilizaji, sijapata kuona mwanga ukikatika ghafla namna ile mchana kweupe. Upande huu walinzi na maua kwenye mapipa. Upande wa pili ukuta ule ule wa matofali, dirisha lile lile la chuma, lakini kioo kimezibwa na karatasi ngumu na nguo zimeanikwa. Chini kidogo ipo hosteli ya wanaume ya Jeppe, iliyojengwa kwa ajili ya vibarua waliotoka mbali, na mpaka leo wengi wao wanatoka KwaZulu-Natal. Hao ndio majirani wa kahawa ya randi 25.

Mwezi Machi 2015, mwaka mmoja tu baada ya matembezi yangu, watu wa Jeppestown waliotishiwa kutolewa katika majengo walimokuwa wakiishi waliingia barabarani wakaelekea Maboneng. Mawe yakarushwa, polisi wakajibu kwa risasi za mpira. Wenye mradi walisema watu wale hawatoki katika majengo yao. Inawezekana ilikuwa kweli. Lakini mtu anayetolewa nje na godoro lake hana nafasi ya kuuliza hati ya jengo imeandikwa jina la nani. Anaona jirani kunang'aa, anakwenda kuuliza huko.

Lazima niseme jambo moja kwa haki ya nchi ile. Katiba yao inakataza mtu kutolewa katika makazi yake bila amri ya mahakama iliyopima mazingira yote. Na si maneno ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya watu 86 waliokuwa wakiishi katika jengo la Saratoga Avenue, Berea, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha mazulia na gereji. Mahakama ilisema mwenye jengo ana haki ya kurudishiwa mali yake. Lakini jiji haliwezi kunawa mikono kwa kuwa tu anayewatoa ni mtu binafsi. Lazima liwapatie pa kujisitiri kwa muda. Niliposoma hukumu ile niliwakumbuka watu wetu wa Magomeni Kota, kaya 644, waliovunjiwa nyumba wakangoja takriban miaka kumi mpaka maghorofa yalipozinduliwa mwaka 2022. Walingoja sana, lakini majina yao yalikuwa kwenye orodha. Wa Johannesburg wengi hawamo katika orodha yoyote, na wageni ndio kabisa.

Jiji, kwa bahati mbaya, halikuwa na pa kuwaweka watu wote hao. Na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nirudi.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo linaloitwa Usindiso, Albert Street, lililo katikati hiyo hiyo ya jiji, liliungua. Watu 76 walikufa, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe, na tume hiyo haikuliondolea jiji lawama, kwa kuwa jengo lilikuwa mali ya jiji lenyewe. Waliokufa walikuwa wa Afrika Kusini, wa Malawi, na walikuwamo Watanzania wenzetu. Ndani walikuwa wamegawa kumbi kwa mbao na maboksi kupata vyumba vya kulala. Enzi za ubaguzi jengo hilo lilikuwa ofisi ya pasi. Humo Mwafrika alipanga foleni kupigiwa mhuri wa kumruhusu kuwa mjini.

Simu ya mpwa wangu haikupatikana siku mbili. Dada yangu hakulala, wala mimi. Siku ya tatu akapiga mwenyewe, kwa namba ya mtu mwingine. Chaji ilikuwa imekwisha, basi. Umeme wa kuunganisha kienyeji ulikuwa umekatwa kwao. Nilishukuru Mungu, kisha nikajiuliza: kwao wapi? Si alikuwa Yeoville?

Nilikwenda kumwona mwaka uliofuata. Maboneng ilikuwa imepoa. Sinema ile ndogo ilikwisha kuhama, na mwaka 2019 majengo kadhaa ya mradi yalikuwa yamepigwa mnada baada ya kampuni yenyewe kufilisika. Soko nililikuta na watu pungufu, walinzi wale wale, na mtu wa Bukavu sikumwona.

Mpwa wangu alikuwa akiishi katika kiwanda cha zamani, hatua chache tu kutoka mahali nilipokunywa ile kahawa. Ghorofa ya pili. Tulipanda ngazi kwa mwanga wa simu. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama wa shule, umekatwa kwa mbao vyumba vingi, na chumba chake kilienea kitanda na jiko la mafuta. Niliuliza mlango mwingine uko wapi. Akaniambia ulikuwapo, umechomelewa vyuma kuzuia wezi. Nikauliza kodi; akanitajia, na akanitajia na mtu anayeipokea, ambaye si mwenye jengo wala hamjui mwenye jengo.

Tulikaa kitandani, maana kiti hakikuwapo. Dirishani, juu ya karatasi ngumu, lilibaki pengo la kiganja, na usiku taa za Maboneng zilipenya hapo zikaangukia ukutani. Akaniambia anasoma magazeti kwa taa hizo, hana haja ya mshumaa, na tangu moto wa Albert Street mshumaa hawashi kabisa.

Wakati wa kuagana aliniomba jambo moja. "Mjomba, ukifika nyumbani, usimwambie mama ninapolala."

Nilimwambia dada yangu kwamba kijana hajambo na anakula. Haya mengine nimeyaweka mpaka mwezi uliopita, alipohama.