PICHA YA SAUTI KWA UGONJWA WA INI NA KONGOSHO

Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi



Katibu aliniomba nizungumze juu ya mashini ya hospitali inayopiga picha ya ndani ya tumbo, ile ambayo watu huiita ultrasaundi. Wengine mlicheka mliposikia. Mkasema, hiyo ni mashini ya akina mama wenye mimba, mtu wa reli ataijulia wapi? Ni kweli, mimi si daktari. Lakini nilikaa kwenye benchi la hospitali siku nyingi pamoja na mwenzetu mmoja, nikauliza maswali mpaka fundi wa picha akanizoea, na mengine nikayasoma. Mwenzetu huyo amenipa ruhusa nieleze habari zake kwa sharti nisitaje jina lake.

Kisa kilianza hivi. Mwenzetu alianza kuwashwa mwili mzima, usiku halali. Kisha mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na macho yakageuka manjano. Nasi, tuseme kweli, tulimhukumu kabla ya daktari. Genge zima lilinong'ona kwamba ni chang'aa. Nyapara akamwambia usoni, "Pombe yako imekufikisha." Na mtu mwenyewe ni mzee wa kanisa, hajaonja pombe tangu aoe! Akaona haya. Badala ya kwenda hospitali akajificha nyumbani kila baada ya zamu, akanywa dawa za miti wiki tatu nzima, na umanjano ukazidi.

Nitaacha kisa hapo kwa muda, nieleze kwanza mashini yenyewe.

Ninyi wa mabehewa mwajua nyundo. Fundi wa zamani alipita kando ya treni iliyosimama stesheni, akagonga kila gurudumu, akasikiliza. Gurudumu zima lililia kama kengele, na lenye ufa lilitoa sauti iliyokufa. Baadaye wahandisi walitengeneza chombo kinachopeleka ndani ya chuma sauti nyembamba sana, ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Isipokuta kizuizi sauti hiyo hufika upande wa pili ndipo irudi. Ikikuta ufa njiani hurudi mapema. Kwa kupima muda wa kurudi, fundi hujua ufa uko ndani kiasi gani, hata kama juu chuma kinang'aa. Reli na ekseli hupimwa hivyo mpaka leo.

Sasa sikilizeni jinsi chombo hicho kilivyotoka kwa mafundi kikaingia hospitali. Tarehe 21 Julai 1955, daktari mmoja wa Glasgow huko Scotland, jina lake Ian Donald, alipakia katika magari mawili vimbe vilivyotolewa matumboni mwa wanawake kwa upasuaji. Akavipeleka Renfrew, kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox, watu wa kutengeneza boila. Pale palikuwa na chombo cha kupimia nyufa za chuma. Wakatumia na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Wakaona kwamba uvimbe wenye maji hurudisha sauti namna moja, na uvimbe wa nyama namna nyingine kabisa. Donald akaendelea na kazi hiyo pamoja na daktari John MacVicar na mhandisi kijana aliyeitwa Tom Brown, na mwaka 1958 wakatoa habari zao katika gazeti la madaktari, The Lancet. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mama aliyehesabiwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Mashini ikaonyesha mfuko mkubwa wa maji. Wakampasua, wakautoa, akapona. Basi mtu akiwaambia kwamba fundi wa karakana hana neno la kusema mbele ya wasomi, mkumbusheni kiwanda kile cha boila.

Katika tumbo la mtu hutumika sauti ya mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde, na masikio yetu huishia kama 20,000. Sauti hupita katika nyama ya mwili kwa mwendo wa kama mita 1,540 kwa sekunde. Mashini huhesabu kila mwangwi unaorudi na kuchora picha papo hapo. Ile rojorojo baridi unayopakwa tumboni si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya ngozi na chombo, maana hewa huizuia sauti hii kama ukuta. Lishikeni neno hilo la hewa, nitalirudia. Wala picha hii haina miale kama ya eksirei. Maji huonekana meusi, nyama huonekana ya kijivu, na jiwe huwa jeupe na nyuma yake huacha kivuli.

Ini ni rahisi kuliona. Ni kubwa, lina uzito wa kama kilo moja na nusu kwa mtu mzima, nalo limelala upande wa kulia chini ya mbavu. Ini zima lina kijivu kimoja laini. Ini lililojaa mafuta hung'aa kupita kiasi, na jambo hili huwapata wanywaji, lakini huwapata pia wasiokunywa ambao ni wanene au wana ugonjwa wa sukari. Ini lililoliwa na makovu kwa miaka mingi, ndiyo sirosisi, mara nyingi huonekana na vinundu juu yake, bandama huvimba na maji hujaa tumboni. Jipu la ini huonekana kama shimo ndani ya nyama, na daktari aweza kuongoza sindano kwa picha hiyo hiyo mpaka usaha utoke. Saratani nayo huweza kuonekana kama uvimbe, ila hapo picha hii peke yake haitoshi. Lazima kuwe na vipimo vya damu, picha nyingine kubwa zaidi, na pengine kipande cha nyama kipimwe.

Tena msidhani kwamba mashini hii ni ya miji mikubwa tu. Hapa hapa Kenya, katika miaka ya 1980, watu wa AMREF waliichukua mashini ndogo ya kubebeka wakaenda nayo kwa wafugaji wa Turkana. Huko kuna ugonjwa unaoletwa na tegu wa mbwa. Mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu, mdudu huenda kukaa hasa katika ini, akafanya mfuko wa maji unaokua polepole miaka na miaka, mpaka tumbo linavimba. Wafugaji walipimwa kule kule wanakoishi, na picha ikawagundua watu ambao kipimo cha damu kiliwapita. Mtu hutembea na mfuko huo ndani yake, hajui, anachunga ng'ombe wake. Aliyegunduliwa mapema alikuwa na nafasi ya kutibiwa kabla mfuko haujapasuka.

Lakini yako mambo ya ini ambayo picha haiyaoni. Virusi vya homa ya ini aina ya B havionekani kwa mashini hii, hivyo hutafutwa katika damu. Mtu aweza kukaa navyo miaka ishirini, anabeba mataruma kama kawaida, huku ini linaharibika. Watoto wa Kenya huchanjwa tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Wengi wetu tuliomo humu tulizaliwa kabla ya hapo, kwa hivyo yafaa tuombe kipimo cha damu, na asiye na virusi achanjwe. Aliyekwisha kupata sirosisi hushauriwa apigwe picha kila miezi sita, ili saratani ikianza ikamatwe ingali ndogo.

Sasa kongosho. Hilo ni taabu. Tukichinja mbuzi, kila mtu analijua ini, na kila mtu anajihadhari nyongo isipasuke. Kongosho nani analitazama? Ni kipande cha nyama laini, kwa mtu mzima kama sentimita 15, kimelala nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo. Hutoa maji ya kusaga chakula na ile insulini ya kutawala sukari. Na mbele yake pana tumbo na matumbo, ambayo mara nyingi yamejaa hewa. Mnakumbuka neno la hewa?

Mimi mwenyewe niliwahi kuandikiwa picha hiyo kwa maumivu ya chembe ya moyo. Nilitoka zamu ya usiku, nikapita kwa mama wa chai, nikala chapati mbili na maharagwe. Fundi aliweka chombo, akakandamiza, akanigeuza huku na huku, mwisho akauliza, "Umekula?" Nikasema, "Kidogo tu." Akaandika kwamba kongosho halikuonekana kwa sababu ya hewa. Nilirudi wiki ya pili na njaa yangu, nikalipa mara ya pili. Ndugu zangu, mkiandikiwa picha ya tumbo la juu, kaeni bila kula saa sita hadi nane, au kama mlivyoambiwa na hospitali. Mwenye kutumia dawa za sukari aulize kwanza, asije akaanguka njiani.

Na hapa nawaomba sana mnisikilize. Karatasi ikisema "halikuonekana", haikusema "ni zima". Mkaguzi wa njia akileta ripoti kwamba maili nne hakuzitembea kwa sababu ya mafuriko, je, tutapitisha treni kwa mwendo wa kawaida? Haiwezekani. Lakini mtu hupewa karatasi kama hiyo, anafurahi, anasema picha haikuonyesha kitu, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Hata kongosho likionekana, saratani ndogo yaweza kupita bila kutambulikana. Na kongosho likiwaka ghafla, ule ugonjwa wa maumivu makali yanayochoma mpaka mgongoni pamoja na kutapika, daktari huutambua hasa kwa maumivu yenyewe na kwa damu. Picha husaidia kutafuta kama mawe ya nyongo ndiyo yaliyouleta. Ziko picha nyingine za kulifikia kongosho, CT, na hata ultrasaundi ya mpira unaoingizwa kinywani mpaka tumboni, ambako chombo husimama jirani kabisa na kongosho bila hewa kuzuia. Hizo ni ghali na haziko kila mahali.

Nirudi kwa mwenzetu. Wiki ya nne mkewe alinijia, nasi tukampeleka. Fundi alimpaka rojorojo, akaangalia kimya, kisha akatuonyesha. Ndani ya ini mirija ya nyongo ilikuwa imetanuka. Mfuko wa nyongo ulikuwa na mawe, meupe, kila moja na kivuli chake. Mrija mkubwa unaoteremka ulikuwa umetanuka pia, maana yake chini kuna kitu kimeziba. Kitu gani? Huko chini mrija hupita kwenye kichwa cha kongosho, na hewa ilikuwa imefunika. Yaweza kuwa jiwe. Yaweza kuwa saratani ya kongosho inayoubana mrija, ambayo huja mara nyingi na macho ya manjano bila maumivu. Fundi yule hakujifanya anajua, akaandika alichokiona na ambacho hakukiona. Nilimheshimu kwa hilo.

Siku zile za kungoja picha ya pili, ile ya sumaku, sitaki kuzikumbuka. Mkewe alikuwa akipiga hesabu ya karo ya watoto kwa vidole, kimya.

Lilikuwa jiwe. Likatolewa kwa mpira kupitia kinywani, bila kupasuliwa, na baadaye mfuko wa nyongo ukaondolewa. Daktari alisema kama nyongo iliyoziba ingeingia usaha, angeweza kufa kwa siku chache.

Mtaniuliza juu ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema mfanya kazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo ana haki ya ugonjwa ya siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu, kila miezi kumi na miwili, akileta cheti cha daktari. Mjulishe mwajiri mapema, wala msingoje mpaka mtu aandikwe mtoro. Mwenzetu alipoteza siku kwa kuona haya tu, na haya hiyo tulimpa sisi.

Amerudi gengeni. Nyapara hakuomba radhi, lakini wiki ya kwanza alimpa kazi ya bendera.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Mwenye swali na aulize. Nisilolijua nitaliandika, nimpelekee yule fundi wa picha siku ya Jumatatu.