Kinga ya Kujitengenezea na Kinga ya Kupewa: Tofauti Inayookoa Maisha

Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti na wanafunzi wa Biolojia na wazazi wao, katika shule moja ya upili ya kutwa katika kaunti yetu. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote.



Nimeombwa nizungumzie mada inayowasumbua watahiniwa wengi wa KCSE: aina mbili za kinga ya mwili. Mimi nimesomea uanahabari, si udaktari. Lakini kazi yangu ni kuwaeleza wananchi mambo ya kaunti kwa lugha nyepesi, na mada hii inahusu mengi yanayotokea katika zahanati zetu kila siku. Wazazi, msidhani ni ya wanafunzi peke yao.

Tuanze na msingi. Kiini cha ugonjwa kinapoingia mwilini, chembechembe nyeupe za damu hukitambua kuwa mgeni na kutengeneza kingamwili za kupambana nacho. Baadhi ya chembechembe hizo hubaki na kumbukumbu. Mgeni huyo akirudi, mwili humkabili upesi kabla hajaleta madhara. Hiyo ndiyo kinga ya kujitengenezea. Huchukua siku au wiki kadhaa kujengeka, lakini hudumu miaka mingi, pengine maisha yote.

Kinga ya kupewa ni tofauti. Kingamwili zimetengenezwa na mwili mwingine, wewe unazipokea zikiwa tayari. Zinafanya kazi papo hapo. Lakini mwili wako haukujifunza chochote, na zikiisha baada ya wiki au miezi michache, umerudi ulikokuwa.

Wanafunzi, mkikutana na swali hili katika mtihani, jiulizeni jambo moja tu: kingamwili hizi zimetengenezwa na nani? Msidanganywe na sindano. Wengi hudhani kila sindano ni chanjo. Sivyo. Chanjo humpa mtu kiini kilichodhoofishwa, kilichouawa, au sehemu yake tu, ili mwili wake ufanye kazi wenyewe. Dawa ya sumu ya nyoka nayo hudungwa kwa sindano, lakini hutengenezwa kwa kumdunga mnyama, mara nyingi farasi, sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijae kingamwili. Farasi amejitengenezea, aliyeumwa na nyoka amepewa. Dawa moja, kinga mbili.

Elimu hii ina historia ndefu. Mwaka wa 1796, daktari Edward Jenner wa Uingereza alimchanja mvulana kwa ugonjwa wa ndui ya ng'ombe, akapata kinga dhidi ya ndui ya binadamu. Mwaka wa 1890, Emil von Behring wa Ujerumani na Kitasato Shibasaburo wa Japani walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga yanaweza kumlinda mnyama mwingine. Jenner alitufundisha aina ya kwanza ya kinga, hao wawili wakatufundisha ya pili.

Sasa tuje nyumbani. Mama mjamzito anapodungwa chanjo ya pepopunda, yeye anajitengenezea kinga. Kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na mtoto huzaliwa akiwa amepewa. Ndiyo sababu tunawahimiza akina mama wasikose kliniki. Na asikudanganye mtu kwamba aliyeugua pepopunda akapona hahitaji chanjo. Sumu inayoleta ugonjwa huo ni kidogo mno kuufundisha mwili, kwa hiyo kupona hakumwachi mtu na kinga.

Kisha kuna dang'a, yale maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano. Zipo nyumba ambako bado hukamuliwa na kumwagwa kwa imani kwamba ni machafu. Tafadhalini, hiyo ni kinga inayomwagwa chini. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Wafugaji mnalijua hili vizuri: kingamwili za ng'ombe hazipiti kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo ndama hutegemea dang'a, tena katika saa za kwanza kabisa. Ikipita siku moja, utumbo wake hauzipokei tena.

Wazazi wengi hutuuliza: kama surua ni hatari, kwa nini chanjo yake isubiri miezi 9? Jibu liko hapa hapa. Kingamwili ambazo mtoto alipewa na mama bado zimo damuni katika miezi ya mwanzo. Chanjo ikitolewa mapema, huzimwa nazo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Kinga ya mama inapopungua, ndipo mtoto anapaswa kuanza kujitengenezea yake. Na kwa kuwa baadhi ya watoto hawapati kinga kwa dozi ya kwanza, kuna ya pili katika miezi 18. Dozi hii ndiyo wazazi husahau, kwa sababu mtoto amekwisha kutembea na anaonekana mzima. Leo mkifika nyumbani, fungueni kijitabu cha kliniki mkaangalie. Chanjo hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma.

Nimalizie na kichaa cha mbwa, kwa sababu hapo kinga zote mbili hufanya kazi pamoja. Dalili zikishaonekana, ni nadra sana mgonjwa kupona. Mtu akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake mafuta ya taa wala dawa za mitishamba. Mkimbizeni hospitalini siku hiyo hiyo, hata jeraha liwe dogo. Jeraha likiwa baya, atadungwa kingamwili zilizo tayari ndani na kandokando ya jeraha, zimlinde leo. Pia ataanzishiwa chanjo, mwili wake ujitengenezee kinga ya kesho. Kinga ya kwanza inashika zamu huku ya pili ikijengeka. Anayekatiza dozi kwa kuwa jeraha limepona anabaki bila mlinzi ile zamu ikiisha. Na wenye mbwa, wapelekeni wakachanjwe kila mwaka.

Wanafunzi, nawatakia mtihani mwema. Lakini ujirani nao una mitihani yake: mkimwona mama anayetaka kumwaga dang'a, au jirani aliyeumwa na mbwa akisema atangoja kesho, nyinyi sasa mnajua la kumwambia.